Mapenzi ya Mnyama na Wajibu wa Mtu

Msomaji, huenda wewe ni miongoni mwa vijana ambao tangu utotoni hawawezi kumwona farasi bila ya kusimama na kumtazama. Mapenzi hayo si ya kuchekwa. Lakini yafaa kujiuliza: mtu akimpenda mnyama maisha yake yote, mapenzi hayo yanamdai nini? Je, yanaishia machoni pake, au yana deni kwa viumbe wengine?

Mtazame bibi mmoja wa Denmark, Lis Hartel, aliyependa farasi tangu utoto. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 23 na mja mzito, alishikwa na polio. Alijifungua salama, lakini miguu yake, toka magotini kwenda chini, haikupata nguvu tena. Wengi wangalimpa pole na kumwekea kiti. Yeye alirudi kwa farasi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952, wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika kumwongoza farasi kwa madaha, alipata nishani ya fedha. Akapata nyingine mwaka 1956. Kupanda na kushuka alihitaji kusaidiwa. Akisha kukaa juu ya farasi wake, Jubilee, alikuwa mpanda farasi kama wengine.

Watu waliona, wakafikiri. Nchi nyingi zikawa na vyama ambamo wapenda farasi hujitolea kwa ajili ya watu wenye ulemavu; cha Uingereza kiliundwa mwaka 1969. Mmoja huongoza farasi, na wengine hutembea ubavuni wakimlinda mtoto. Mwendo wa farasi huzichezesha nyonga za mpandaji karibu sawa na mtu atembeapo, na hivyo mtoto asiyeweza kutembea huufundisha mwili wake kujizuia usianguke.

Labda utasema: hayo ni ya nchi za farasi, sisi wa Garsen na bonde la Tana yatuhusu nini? Ni kweli, mbung'o huleta maradhi ambayo farasi hayawezi, na hata ng'ombe wa Waorma husifika kwa kuyastahimili kuliko ng'ombe wengine. Lakini punda tunaye. Hubeba maji, kuni, na miti ya nyumba wafugaji wahamapo. Nasi tumemlipa nini? Twasema, "Punda afe, mzigo ufike." Kisha twasema, "Shukrani ya punda ni mateke." Methali ya kwanza yamwua, ya pili yamlaumu. Kati yetu na yeye, ni nani asiyejua shukrani?

Ukishika njia ya Lamu kutoka Garsen, utafika kwenye mji ambao mwaka 1987 ulianza kupata matibabu ya punda bila malipo. Yalianzishwa na chama cha Bibi Elisabeth Svendsen wa Uingereza. Bibi huyo huyo, huko kwao, aliwapa watoto wenye ulemavu punda wa kupanda. Mapenzi yake hayakuchagua kati ya mnyama na mtoto.

Wako watakaouliza: je, si dhuluma kumtumia mnyama kwa faida ya mtu? Ni dhuluma, ikiwa mzigo wamshinda au kidonda chake hakitazamwi. Lakini punda mgonjwa hawezi kumbeba mtoto salama. Basi haki ya mmoja imefungamana na haki ya mwenziwe. Iko hatari nyingine pia: kumlisha mnyama vizuri, kisha kumpita jirani asiyeweza kufika kisimani. Na iko ya tatu, nayo hujificha: kumsaidia mlemavu ili tusifiwe. Hartel hakuhitaji huruma. Alihitaji mkono wa kumpandisha, na nafasi ya kushindana.

Basi, kijana, ukimwona punda amefungwa kivulini, na nyumba ya pili kuna mtoto ambaye njia ya shule humshinda, usimfanyie mtoto huyo uamuzi. Mwulize kwanza kama apenda kupanda, na wazazi wake kama waridhia. Akikubali, ukague mgongo wa punda, mpe maji, kisha shika kamba utembee nao polepole. Hapo ndipo utakapojua kama wapenda wanyama kweli, au wapenda kuwatazama tu.