Machipukizi ya Chini

Huko Kasubi, kilima cha Kampala walikozikwa baadhi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, mama mmoja alipanda mwaridi mtambaao kwenye uzio wake. Aliununua ukiwa na ua moja la pinki, akaambiwa utachanua mwaka mzima. Na kweli, mwaka wa kwanza kila alipokata maua yaliyonyauka, mengine yalikuja.

Mvua za Machi zikaotesha machipukizi manene kutoka chini kabisa. Yalirefuka haraka, majani yake ya kijani hafifu, miiba yake mingi. Mama akafurahi. Akayafunga kwenye uzio, akayawekea samadi, na ili yapate nafasi akayapogoa matawi ya zamani yaliyoonekana manyonge. Uzio ukajaa majani. Maua ya pinki yakabaki machache pembeni, kisha yakatoweka. Akalaumu udongo mwekundu, akaongeza mbolea.

Jirani yake, mzee auzaye miche, alipoitwa hakuangalia juu. Alipiga magoti, akafukua udongo mpaka kwenye kinundu cha shina.

"Nnyabo, umemlea mgeni ukamfukuza mwenye nyumba."

"Lakini ssebo, haya ndiyo yenye nguvu!"

Nguvu yalikuwa nayo kweli, ila hayakuwa ya waridi alilonunua. Miche mingi ya mwaridi imebebeshwa: mizizi ni ya aina moja ngumu, tawi linalotoa maua ni la aina nyingine, na vinapoungana ndipo penye kinundu. Sifa ya kuchanua tena na tena imo katika tawi, haimo katika mizizi ile. Hata "New Dawn", mtambaao wa pinki unaojulikana duniani kote, ulianza kama tawi lililobadilika kwenye mwaridi uitwao "Dr. W. Van Fleet", ambao huchanua mara moja tu kwa mwaka. Tawi hilo lilitunzwa, likaanza kuuzwa mwaka 1930, na mwaka 1931 likapewa hataza ya kwanza ya mmea nchini Marekani.

Chipukizi linalotoka chini ya kinundu lifuatwe mpaka linapoanzia, ling'olewe kwa mkono. Ukilikata kwa mkasi usawa wa udongo, unalipogoa tu, nalo hurudi na wenzake. Na Kampala haina majira ya baridi ya kulipumzisha. Mvua za Machi na za Septemba zote hulikuza. Kwa hiyo shina hukaguliwa mwaka mzima, hasa wakati mmea unapopendeza.

Kwa mama yule ilikuwa imechelewa: juu ya kinundu palikuwa pamekauka. Mwaridi wote uling'olewa. Mzee akampa mche mwingine wa pinki, uliooteshwa kwa kipande cha tawi na kusimama juu ya mizizi yake mwenyewe, ili hata kitakachochipua chini kiwe waridi lile lile. Akamwonyesha pia kuyalaza matawi kando ya uzio badala ya kuyaacha yapande wima, maana tawi lililolazwa hutoa vitawi vya maua urefu wake wote, na lililosimama huchanua zaidi kileleni.