Moja na Sifuri Kumi na Nne



Kijana mwenzangu, Januari 2009 Benki Kuu ya Zimbabwe ilitoa noti ya dola trilioni 100. Hesabu mwenyewe: moja, halafu sifuri 14. Mbele ina picha ya mawe yaliyopandana, yale ya Epworth karibu na Harare, yanayosimama bila kufungwa na kitu. Nyuma kuna nyati na Maporomoko ya Victoria. Pia kuna ahadi, na saini ya gavana chini yake, kwamba mwenye noti atalipwa kiasi hicho.

Mawe bado yamesimama. Ahadi ilianguka. Februari ileile sifuri 12 zikafutwa, na watu walikuwa tayari wananunua unga kwa dola ya Marekani na randi ya Afrika Kusini. Mwaka 2015, pesa hizo zilipoondolewa rasmi, trilioni 100 ilibadilishwa kwa senti 40 za Marekani.

Sasa nikuulize. Tuseme ulikuwa kule, jirani akakukopesha pesa ya kununua ng'ombe. Miezi inapita, bei zinapaa, unamrudishia tarakimu ileile, na haimtoshi hata mkate. Je, umelipa?

Wengi tutasema, "Si ndivyo tulivyoandikiana?" Lakini Kanisa linatufundisha kuwa haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Chake kilikuwa ng'ombe, yaani jasho lake, siyo karatasi. Ni kweli, mfumuko wa bei hukuuleta wewe, na kubeba hasara yote peke yako nako si haki. Basi kaeni chini mgawane hasara. Ukijificha nyuma ya tarakimu, moyoni unajua unachofanya.

Na hili halisubiri nchi ifilisike. Umeazima simu, unairudisha kioo kimepasuka, unasema, "Si nimerudisha?"

Yesu alipoonyeshwa sarafu aliuliza sura iliyopo pale ni ya nani. Ilikuwa ya Kaisari. Wewe umebeba sura ya Mungu. Benki ikishindwa kutunza neno lake, wewe bado una lako la kutunza.

Leo mkumbuke mtu mmoja anayekudai. Mpigie kabla hajakupigia.

Ee Bwana, unifundishe kumpa kila mtu kilicho chake, hata pale ambapo hakuna anayeweza kunilazimisha. Amina.