Dirisha la Ghorofa ya 107



Ile minara miwili ya World Trade Center, New York, iliyoangushwa tarehe 11 Septemba 2001, ilikuwa na ghorofa 110 kila mmoja. Msanifu wake, Minoru Yamasaki, alikuwa mwoga wa kimo, akaweka madirisha membamba. Kuyaosha ilikuwa kazi ya mashine: inateremka yenyewe kutoka paani, inafuata reli kwenye nguzo, inasugua. Raha, au siyo? Ila ghorofa ya 107 madirisha yalikuwa mapana, mashine haikuyaweza. Huko alipanda mtu na ndoo yake, akayaosha kwa mkono. Na ndiko hasa watu walikokwenda kutazama mji!

Mimi simu yangu hulia saa sita mchana, Malaika wa Bwana. Masomo ya siku yanaingia yenyewe. Naipenda hiyo mipango, wala siizimi. Lakini ipo ile dhambi moja unayoijua mwenyewe, unayoiruka kila ukichunguza dhamiri. Hiyo hakuna programu itakayoifikia. Inataka upige magoti, uitaje kwa kinywa chako, padri anyanyue mkono akuondolee, kwa mamlaka ambayo Bwana aliwapa Mitume jioni ile ya Ufufuko (Yn 20:23). Na usiniulize kuhusu WhatsApp. Kanisa halipokei maungamo kwa simu.

Parokiani kwetu padri hukaa kitubioni Jumamosi, saa kumi jioni. Kwenu je?