Malaika Hakumkemea Eliya

Somo: 1 Wafalme 19:4–9



Tukimsoma Eliya, wengi wetu hukimbilia Horebu, kwenye ile sauti ndogo ya utulivu. Leo tubaki kwanza chini ya mti. Nabii amechoka, ameomba afe, amelala. Malaika anamgusa na kumwambia ainuke ale: mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, basi. Eliya anakula, analala tena. Malaika hamkemei. Anarudi mara ya pili, anamgusa tena, anamwambia ale kwa kuwa safari iliyo mbele inamzidi nguvu. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye, pangoni. Chakula kilitangulia, tena bila aibu.

Tumechagua somo hili kwa ajili ya meza yetu ya chakula baada ya ibada. Zipo familia kati yetu ambazo siku hizi zinaondoka mara tu baada ya baraka, kabla masufuria hayajafunuliwa. Wana mtoto mwenye usonji, au mwenye shida ya utulivu na umakini, naye hagusi pilau wala ugali. Anakula chipsi, mkate mweupe na nageti za kuku za aina moja tu. Ukibadilisha boksi anajua. Na sisi, tukidhani tunasaidia, tumewaambia: "Mbona amekonda hivi, hamumlishi?" "Mnamdekeza, akisikia njaa atakula." "Mpelekeni kwa bibi yake nyumbani mwezi mmoja, atanyooka." Na yule aliyenenepa tumemwita bonge mbele ya wenzake. Tuseme ukweli: tumewafukuza mezani kwa maneno yetu.

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunaomba kanisa lijue mambo machache. Takwimu za CDC zilizotolewa mwaka 2025 zilionyesha kuwa, katika maeneo yaliyofuatiliwa hapa Marekani, mtoto 1 kati ya 31 wa umri wa miaka 8 ametambuliwa kuwa na usonji. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa shida za kula kwa watoto hawa ni kama mara 5 zaidi kuliko kwa wenzao. Utelezi wa bamia, harufu ya samaki, au mchuzi kugusa wali, kwa mwili wa mtoto huyu ni kero kali, kama wewe ukilazimishwa kutafuna mchanga. Huo si ukaidi. Na wapo ambao njaa haiwafundishi kitu. Watakaa bila kula mpaka waugue.

Tena uzito peke yake hausemi yote. Mtoto anaweza kuwa na uzito wa kawaida, au hata kuzidi, huku mwili wake umekosa madini ya chuma, kalisi au vitamini C. Madaktari wamewahi kupokea watoto wenye usonji wanaochechemea na kutoka damu kwenye fizi, kumbe ni kiseyeye, kwa kukosa matunda na mboga muda mrefu. Dawa nazo zina sehemu yake: risperidone inaweza kuongeza hamu ya kula na uzito, na methylphenidate inaweza kupunguza hamu ya kula. Ukiona hivyo usikatishe dawa mwenyewe, mwambie daktari.

Nyumbani tufuate utaratibu wa yule malaika. Kila mlo kiwepo chakula kimoja ambacho mtoto anakiweza. Kando yake weka kidogo cha chakula chetu, kijiko cha wali au kipande cha chapati, bila kumlazimisha wala kumbembeleza. Mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na mahali gani. Mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Watoto wengi huhitaji kuletewa chakula kipya mara 10 hadi 15 kabla ya kukikubali, na hawa wetu mara nyingi zaidi. Akikigusa tu, hiyo ni hatua. Maziwa nayo yasizidi vikombe 3 kwa siku, maana hushibisha na yanaweza kuchangia upungufu wa damu.

Asipoongezeka uzito, akiacha vyakula alivyokuwa anakula, akipaliwa au kutapika mara kwa mara, mpeleke kwa daktari wa watoto. Omba aangaliwe kwenye chati ya ukuaji, kama ile kadi ya kliniki tuliyoijua nyumbani. Uliza kuhusu kipimo cha damu, mtaalamu wa lishe na therapisti wa kula. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, hapa Texas kuna mpango wa ECI. Mzazi anaweza kupiga simu mwenyewe bila barua ya daktari. Kuanzia miaka 3, andika barua kwa wilaya ya shule, kama Plano ISD, uombe apimwe bila malipo. Hospitalini omba mkalimani wa Kiswahili, naye halipiwi. Usimbebeshe mzigo huo mtoto wako mkubwa.

Na kanisani? Kuanzia Jumapili hii, familia ikija na kontena lake la chakula, liwekwe mezani pamoja na masufuria yetu. Mwili wa mtoto, mwembamba au mnene, usiwe mazungumzo. Akikataa sahani tunayompa, tumwambie, "Karibu wakati wowote," na Jumapili ijayo tumkaribishe tena.

Wapendwa, Eliya wa leo mara nyingi ni mama yake. Amepika mara tatu, hakuna kilicholiwa, na usiku amelia peke yake. Kabla hatujamuuliza mtoto amekula nini, tumuulize yeye kama amekula. Tumpakulie, tumletee pale alipoketi na mwanawe. Safari yao ni ndefu.

Bwana Yesu, uliyeagiza binti Yairo apewe chakula, tufundishe kulisha bila kuaibisha. Amina.