Mgonjwa Haulizwi Uji



Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sungura ndiye wa kuambiwa hivyo hasa, maana tumbo lake halijui kupumzika. Mtu akiugua anaweza kukaa siku nzima bila kula. Sungura akikaa hivyo, utumbo unasimama, gesi inajaa, ini linadhoofika. Ndiyo maana hata anapopata nafuu hatuachi kumlisha.

Lakini uji wake si wa mahindi wala mtama; wanga humchafua tumbo. Loweka chakula chake cha vidonge (pellets) katika maji ya uvuguvugu mpaka kilainike, ukiponde. Chukua bomba la sindano, sindano yenyewe uitoe. Mketishe wima, usimlaze chali, chakula kisije kikaingia mapafuni. Pitisha bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, utoe kidogo, usubiri atafune. Haraka ya nini? Majani makavu na maji visikosekane karibu yake.

Kisha tazama sakafu ya banda. Vinyesi vikirudi, vya mviringo na vikiongezeka ukubwa kidogo kila siku, hiyo ndiyo habari njema kuliko zote.

Tumbo likiwa gumu kama ngoma, usimlishe kwa nguvu. Mpigie daktari wa mifugo wa eneo lako asubuhi hii hii, usingoje jioni.