Funguo za Gita la Kwaya



Mwezi huu tulikusudia kuwaandikieni juu ya sadaka ya mavuno, lakini neno hilo litangoja kidogo, kwa kuwa tunalo deni la kulipa, na deni lenyewe lilianzia kwenye gita la kwaya ya vijana. Atakayeona kwamba tunasema mno habari za skrubu na gundi, na atuvumilie. Pasipo hizo deni letu halieleweki.

Wengi wenu mnakumbuka jinsi gita lile lilivyotuudhi mwaka jana. Wimbo wa kuingilia ulianza vizuri, lakini ukifika ubeti wa tatu, gita limekwisha kushika njia yake na waimbaji njia yao. Siku ya Pasaka ilikuwa aibu hasa. Nasi tulijua kosa ni la nani. Kijana aliyekuwa akilipiga, tulisema, hana sikio, tena hafanyi mazoezi. Hatukunong'ona. Tulisema katika kikao cha baraza la kanisa, na Jumapili iliyofuata tukapanda mimbarani tukafundisha juu ya utumishi wa ulegevu, tukishika 1 Wakorintho 14:7, pale Mtume Paulo anapotaja filimbi na kinubi visivyotoa sauti ya kutambulikana. Jina hatukulitaja. Lakini gita lilikuwa moja na mpigaji mmoja, kwa hiyo hata watoto walijua.

Kijana alilirudisha gita sakristia, akaacha kuja kwaya. Akapewa mwenzake, na mambo yakawa yale yale. Jambo hilo lingetufumbua macho! Badala yake tukasema huyu naye hajui, tukaanza kuchangisha fedha za gita jipya.

Ndipo mzee wetu seremala, yule aliyetengeneza mabenchi ya upande wa kaskazini, akaomba alitazame kwanza. Tulimwekea juu ya meza ya sakristia, tumetandika kanga chini ili ubao usichubuke. Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba hakushika bisibisi. Alikaza uzi mmoja mmoja polepole, akitega sikio. Uzi ukitoa mlio wa "tik" na sauti ikaruka, alisema, basi umenasa katika mfereji wa kile kimfupa kilicho kati ya shingo na kichwa cha gita, na hapo funguo hazina kosa lolote. Dawa yake ni kupaka mferejini unga mweusi wa penseli. Akaupaka. Nyuzi tano zikatulia. Uzi wa nne ukaendelea kushuka.

Akaligeuza gita tutazame nyuma ya kichwa, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupatazama. Zeze na fidla hushika nyuzi zake kwa vigingi vya mbao vilivyobanwa tundunio, lakini katika gita hili kazi hufanywa na meno. Mkono wa ufunguo umeunganishwa na chuma chenye mikunjo kama ya skrubu, na mikunjo hiyo imeshikana na kigurudumu chenye meno, nacho ndicho kinachozungusha kijiti cha uzi. Katika funguo nyingi mkono huzungushwa mara 14 ili kijiti kizunguke mara moja. Ziko pia za mara 18. Nasi tulistaajabu kusikia ya kwamba nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, kama uzito wa mtu mzima. Na bado, meno yakiwa mazima, uzi hauwezi kuurudisha ufunguo nyuma hata kidogo. Mkono huzungusha uzi, uzi hauzungushi mkono.

Sasa ufunguo wa nne. Mzee aliuzungusha karibu robo nzima na kijiti hakikutikisika. Meno yalikuwa yamelika. Zaidi ya hayo, skrubu moja ya bamba ilikuwa imepotea siku nyingi, na mtu fulani alikuwa amegongomea msumari mahali pake. Ubao ukapasuka, bamba likainuka, chuma kikaachana na kigurudumu chake. Uzi ule hata angeupiga malaika, ungeshuka.

Tungeweza hapa kufanya fumbo, kwamba gita ni Kanisa na nyuzi ni waamini. Tunaacha. Tumekwisha kufanya mafumbo ya kutosha juu ya gita hili.

Jioni ile tulifungua daftari la kumbukumbu za baraza ili tuandike matumizi ya funguo mpya, na macho yetu yakaangukia ukurasa wa kikao kile. Imeandikwa, kwa mwandiko wetu wenyewe, kwamba kijana alieleza kuwa ufunguo wa nne haushiki. Chini yake imeandikwa: vijana wasitafute visingizio. Alikuwa ametuambia. Ugonjwa aliutaja kwa jina na mahali pake, nasi tulichukua kalamu tukauandika kama kosa lake la pili.

Wapendwa, mnayo habari ya Hana katika 1 Samweli 1. Kuhani Eli alikuwa ameketi penye mwimo wa hekalu, akaiona midomo ya mwanamke inachezacheza na sauti haisikiki, akamdhania mlevi, akamkemea. Tumezoea kumlaumu Eli kwa habari ya wanawe, na ni haki. Lakini tazameni alilolifanya hapa. Hana alipojibu kwamba hakulewa, ila ana uchungu moyoni, mzee yule hakubisha wala hakumwambia asitafute visingizio. Alimsadiki papo hapo, akambariki pale pale alipomkemea. Kosa la kuona vibaya kwa mbali laweza kumpata mtu yeyote, awe kuhani au mzee wa kanisa. Sisi tulimpita Eli kwa ubaya, kwa kuwa jibu tulilipata na hatukulipokea.

Funguo hatukuzibadili siku moja. Tulimwagiza mtu aliyekuwa akienda Dar es Salaam bila kumpa kipimo, akarudi na zile ambazo zote sita hukaa upande mmoja wa kichwa, na za kwetu hukaa tatu tatu. Mara ya pili mzee alipima kwa rula kutoka katikati ya kijiti hadi katikati ya kijiti cha pili, ikawa milimita 35, akapima na unene wa vijiti. Zilipofika, alilegeza nyuzi zote kidogo kidogo kwa zamu, maana si vema kuiondolea shingo mzigo wake kwa ghafula. Akaung'oa msumari ule kwa koleo, akaupaka ufa gundi ya mbao na kuubana kwa kamba. Matundu ya zamani ya skrubu aliyajaza vijiti vya kuchokonolea meno vilivyochovywa gundi, akaviacha usiku kucha. Kesho yake alitoboa matundu membamba kuliko skrubu, akazipaka skrubu nta ya kipande cha mshumaa wa altare ili zisikatike, akafunga bamba la kushoto kushoto na la kulia kulia, kwa sababu hayabadilishani mahali. Kijana mmoja akatoa sauti ya mitetemo 440 katika simu yake, wakasawazisha nyuzi. Mzee akawaonya: uzi ukipita juu ya sauti yake, ushusheni chini kabisa kisha mpande tena, msisimame katika kushuka, la sivyo utalegea tena wimbo ukiwa katikati.

Lakini kabla ya kuzifunga tulikwenda nyumbani kwa kijana. Bwana wetu katika Mathayo 5:23-24 anamwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake, na Jumapili nyingi tumepeana mikono ya Amani kanisani naye hayupo. Mama yake alitukaribisha vizuri, akatupa chai. Tukaomba radhi. Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Shikamooni wazee wangu. Nimewasamehe. Lakini mliponisema palikuwa na watu, na hapa tupo wanne." Hatukuwa na jibu, kwa kuwa alisema kweli. Tulimkosea mbele ya wote, tukamwomba radhi pembeni, tena tukajisikia wanyenyekevu.

Kwa hiyo tunaandika. Sisi, kasisi na wazee wa kanisa, tulimhukumu ndugu yetu kwa kosa lisilokuwa lake, na alipotueleza hatukumsikiliza. Tunamwomba radhi mbele yenu. Maneno yale katika daftari tumeyapiga mstari, na pembeni tumeandika ukweli na kutia sahihi. Fedha zilizochangwa kwa gita jipya, baada ya kulipia funguo, zipo kwa mweka hazina, na aliyetoa anaweza kurudishiwa.

Kijana amelisoma andiko hili kabla halijapigwa chapa, akatuomba tufute neno moja la sifa, nasi tumelifuta. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tutayasema haya mimbarani, kabla ya Amani. Tumemwalika. Amesema atakuja, ila atakaa nyuma.