Damu Ikivuja Ubongoni: Kombe au Hospitali?

Ndugu zetu Waislamu, yako maradhi yampatayo mtu hali akizungumza na watu wake. Hushika kichwa kwa maumivu makali asiyopata kuyaona, hutapika, ulimi ukawa mzito, upande mmoja wa mwili ukalegea, na pengine akazimia pale pale. Huyo huenda mshipa umempasukia ubongoni na damu yavuja. Sababu yake kubwa ni presha iliyokaa miaka mingi bila kutibiwa. Lakini wengi wetu husema kapigwa na jini. Akaitwa mwalimu, likaandikwa kombe kwa zafarani, mgonjwa akanyweshwa.

Hapa yatupasa tusimame. Aliyepatwa na kiharusi mara nyingi koo lake limepooza pamoja na mkono wake. Maji atiwayo kinywani, yawe ya kombe au ya Zamzam, huweza kushuka mapafuni badala ya tumboni, yakamletea homa ya mapafu. Nasi twadhani tumemtibu! Kumsomea Kurani hakuna anayekataza. Na asomewe, lakini asomewe garini, njiani kwenda hospitali.

Sisi tukaao huku Manga tunalo la kutazama kwa majirani zetu Wagusii. Walikuwa na mafundi waitwao ababari, ambao mtu akiumwa kichwa daima baada ya kupigwa, walimpasua ngozi ya kichwa na kulikwangua fuvu kidogo kidogo, wakichunga sana wasitoboe utando wa ubongo. Habari zao ziliandikwa katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki mwaka 1958. Hatusemi mtu aende kwao leo, wala kazi yao haikuwa ya maradhi haya tunayoyataja. Twasema tu kwamba wao, maumivu yakiwa kichwani, waliyatafuta kichwani.

Naye Jabir amesimulia habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama aweza kutayamamu, wakamwambia hana ruhusa, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alisema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Wale walikuwa watu wema, tena wacha Mungu.

Basi wa kuulizwa ni daktari, na upesi. Kuvuja damu na kuziba mshipa hufanana kwa nje, bali dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda humwangamiza anayevuja. Kinachopambanua ni picha ya CT ya kichwa. Kwa hiyo msimpe hata aspirini nyumbani. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 7,000 katika nchi 10: walioshushiwa presha mapema, wakadhibitiwa sukari na homa, na walioathiriwa na dawa za kuzuia damu kuganda wakaondolewa athari hiyo, walipata nafuu kuliko wengine. Kupasuliwa huwafaa baadhi tu, khasa damu ikiwa imejaa katika ubongo wa nyuma.

Hatuwafichi: hata kwa matibabu, takribani watu 4 katika kila 10 hufa ndani ya mwezi mmoja, na nusu ya vifo hivyo hutokea katika siku 2 za mwanzo. Ndizo siku tuzipotezazo kwa kutafuta aliyemroga.

Anayebaki hai huhitaji mazoezi ya viungo kwa miezi mingi, na jamaa wa kumsaidia kutia udhu. Ataswali ameketi, na akishindwa, kwa ubavu. Vidonge vya presha atavimeza kila siku, hata ajionapo mzima. Ramadhani ikikaribia amwendee daktari apangiwe vidonge vya daku na futari. Na akiambiwa saumu itamdhuru, atafungua na kulipa siku nyingine, au atalisha maskini ikiwa hatarajii kupona.